Damu kuvilia kichwani: namna ya kumkagua, kumlinda na kumfikisha hospitali mtu aliyegonga kichwa

Mtu ameanguka na bodaboda. Amezimia kama dakika mbili, ameamka, amejikung'uta vumbi, ameomba maji na kusema yuko sawa. Watu wametawanyika. Saa nne baadaye kichwa kinamuuma sana, anatapika, anajilaza, na anapokuja kuitwa kula anakutwa anakoroma na haamki. Huo ndio mwendo unaojulikana wa aina moja ya damu kuvilia kichwani, na ndiyo maana mwongozo huu unahangaika na saa kuliko ukubwa wa jeraha. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi. Ikichanika inaweza kulowesha shati zima huku ubongo ukiwa salama. Kichwa kisicho na hata mkwaruzo, ambacho mwenyewe anazidi kusinzia, ndicho cha kukimbiza. Usimpime majeruhi kwa alivyo sasa, mpime kwa anavyobadilika.

Ndani ya fuvu kuna nini

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Takriban asilimia 80 ya nafasi yake imechukuliwa na ubongo. Kilichobaki wanagawana, karibu sawa kwa sawa, damu iliyomo kwenye mishipa na maji yanayouzunguka ubongo. Damu ikivuja nje ya mishipa inataka mahali pa kukaa, na mahali hapo hapapo. Mwanzoni mwili hujitahidi: husukuma maji ya ubongo yashuke kwenye uti wa mgongo na kuikamua damu ya vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, itoke. Kwa muda huo mgonjwa anaongea, pengine hata anacheka. Akiba hiyo ikiisha, mililita chache tu zaidi zinapandisha shinikizo kwa kasi, ubongo unasukumwa upande na kisha chini, kwenye shina lake linaloongoza upumuaji. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kuongea saa nane na kuwa mahututi saa tisa.

Damu yenyewe huvilia sehemu tofauti, na sehemu hiyo ndiyo inayoamua kasi. Kati ya fuvu na utando mgumu unaofunika ubongo, chanzo mara nyingi ni ateri, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, inayopita kwa ndani ya mfupa wa panja, mfupa ambao ni mwembamba kuliko wa kisogo au paji. Mfupa ukipasuka unaikata ateri, na ateri humwaga kwa nguvu ya moyo. Huyu ndiye anayezimia, akaamka, akawa mzima kwa muda, kisha akazama tena. Akifunguliwa mapema hupona vizuri sana, kwa sababu ubongo wenyewe mara nyingi haukuumia, umebanwa tu. Chini ya utando huo mgumu, zinazokatika ni vena ndogo zinazovuka kutoka kwenye ubongo kwenda kwenye utando. Katika ajali kubwa huambatana na ubongo uliochubuka, mgonjwa huwa mahututi tangu mwanzo na matokeo yake ni mabaya zaidi. Kwa mzee, vena zilezile zinaweza kuvuja polepole kwa majuma. Tutarudi kwake mwishoni. Damu inaweza pia kutapakaa kwenye maji yanayozunguka ubongo, au kuvia ndani ya nyama ya ubongo wenyewe. Wewe uliye barabarani huwezi kujua ni ipi, na huna haja ya kujua.

Dakika za kwanza

Kwanza usalama wako: simamisha magari, tuma mtu wa kuonya wanaokuja. Kisha pumzi. Ubongo ulioumia hauvumilii kukosa hewa wala shinikizo la damu kushuka. Mambo hayo mawili huua wengi ambao damu iliyovilia peke yake isingewaua. Kama amelala chali na anakoroma au anasikika kama mtu anayesukutua maji, ulimi au matapishi yameziba njia. Piga magoti kichwani kwake, weka vidole nyuma ya pembe za taya chini ya masikio, sukuma taya mbele bila kukunja shingo nyuma. Mkoromo ukikatika umefaulu.

Kila aliyezimia kwa kugonga kichwa mchukulie kuwa shingo nayo imeumia mpaka hospitali iseme vinginevyo. Mtu mmoja ashike kichwa kwa viganja viwili, masikioni, akae hapo asiondoke. Akitapika mviringisheni wote kwa pamoja kama gogo, kichwa, mabega na kiuno vikigeuka kwa mpigo mmoja, na anayeshika kichwa ndiye anayehesabu "moja, mbili, tatu". Kama uko peke yako na anatapika, mgeuze tu upande kadiri unavyoweza kuilinda shingo. Kupaliwa kunaua sasa hivi.

Helmeti iacheni kama anapumua vizuri. Kama inazuia pumzi inatolewa na watu wawili: mmoja anashika shingo na taya kutokea mbele, wa pili anapanua pembe za helmeti na kuivuta taratibu kufuata mwili.

Damu ya ngozini izuie kwa kitambaa safi, ukikandamiza kwa kiganja dakika kumi bila kuchungulia. Ukihisi mfupa umebonyea au unacheza, usikandamize katikati. Zungushia kitambaa kama kata ya kubebea ndoo, kisha funga juu yake. Chochote kilichochoma kichwa kikabaki kimesimama, kiache kilivyo. Unga wa kahawa, majivu, mafuta ya taa na dawa ya meno huongeza uchafu kwenye jeraha ambalo huenda linafika hadi kwenye ubongo.

Maji maji au damu nyepesi ikitoka puani au sikioni, usizibe pamba ndani. Huenda ni maji ya ubongo yanayopita kwenye ufa wa sakafu ya fuvu, na ukiziba unafungia vijidudu. Weka kitambaa nje tu kidake, na mkataze kupenga kamasi. Akishikwa na degedege ondoa vitu vilivyo karibu, mgeuze upande, hesabu dakika. Kijiko kinywani huvunja meno na kuziba koo, hakisaidii kitu.

Nani aende hospitali bila kujadiliana

Aliyezimia hata kwa muda mfupi. Aliyesahau kilichotokea kabla au baada ya kugonga. Aliyetapika zaidi ya mara moja. Aliyeshikwa na degedege. Mwenye udhaifu au ganzi upande mmoja, anayeona viwili viwili, anayevuta maneno. Mwenye maumivu ya kichwa yanayozidi badala ya kupungua. Mwenye weusi kuzunguka macho yote mawili kama miwani, au mchubuko nyuma ya sikio. Alama hizi za ufa chini ya fuvu huchelewa saa kadhaa, hata siku moja au mbili, kwa hiyo kutokuwepo kwake mapema hakumaanishi usalama.

Wengine waende hata wakiwa wazima kabisa. Mwenye umri wa miaka 65 au zaidi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, au mwenye ugonjwa wa kutokwa damu kama hemofilia. Mtembea kwa miguu aliyegongwa na chombo cha moto, aliyerushwa nje ya gari, aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, mwembe au jukwaa la ujenzi. Kwa hawa, nguvu ya pigo yenyewe inatosha kuwa dalili.

Na mlevi. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, hata ndani ya vituo vya afya: mtu kaanguka, ananuka pombe, anaongea ovyo, analazwa pembeni "pombe imtoke". Pombe na damu kichwani vina dalili zilezile, na pombe ndiyo iliyomwangusha. Kanuni ni moja: mlevi aliyegonga kichwa ana damu kichwani mpaka kipimo kiseme hana. Mlevi wa kawaida huzidi kuchangamka kadiri saa zinavyokwenda. Huyu mwingine huzidi kuzama. Akifika kituoni apimwe na sukari, maana sukari iliyoshuka nayo huiga yote hayo na hurekebishwa kwa dakika chache.

Kumkesha nyumbani

Hii ni kwa yule tu ambaye hana dalili hata moja kati ya hizo, au aliyeonwa na daktari akaruhusiwa arudi. Awe na mtu mzima wa kumwangalia saa 24 kamili, asiyelewa, mwenye simu yenye salio na chaji, na usafiri uliokwisha kuulizwa bei kabla ya usiku kuingia. Anayeishi peke yake chumbani, au mbali ambako gari halifiki usiku, alale kituo cha afya.

Je, alale? Ndiyo, alale. Kumzuia usingizi usiku kucha kunamchosha, na asubuhi huwezi kutofautisha uchovu na ubongo unaobanwa. Kinachotakiwa ni kumwamsha. Saa mbili za kwanza mkague kila nusu saa, saa nne zinazofuata kila saa moja, kisha kila baada ya saa mbili mpaka siku iishe. Kumgusa akaguna hakuhesabiki. Aamke, akae, ajibu.

Ukaguzi wenyewe hauzidi dakika tatu. Mwite jina kwa sauti ya kawaida, uone anachukua muda gani kuitika. Usimuulize "unajisikiaje", maana atasema "niko poa" hata akiwa anazama. Muulize leo siku gani, yuko nyumba ya nani, amekula nini jioni. Maswali yale yale kila mara, ili ulinganishe.

Kisha macho. Zima taa ya chumba, subiri kidogo, leta tochi ya simu kutoka pembeni mwa uso hadi kwenye jicho moja. Mboni, lile duara jeusi la katikati, inatakiwa isinyae mara moja. Rudia jicho la pili. Unatafuta tofauti: moja kubwa, jingine dogo, au moja linalosinyaa kwa uvivu. Ukimulika kutoka mbele moja kwa moja atafinya macho na hutaona kitu. Mboni iliyopanuka upande mmoja kwa mtu anayesinzia maana yake mshipa wa fahamu wa jicho unabanwa, kwa kawaida upande uleule wenye damu. Hapo zimebaki dakika. Anayeongea vizuri huku mboni zake hazilingani pengine amezaliwa nazo hivyo au jicho lenyewe ndilo lililopigwa; aende hospitali vilevile, ila usipoteze kichwa.

Mwisho mikono. Akae, anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu kama anayepokea sahani, afumbe macho, wewe uhesabu hadi kumi. Mkono mmoja ukianza kushuka na kiganja kugeukia ndani, upande huo umedhoofika, na kwa kawaida damu iko upande wa pili wa kichwa. Udhaifu huu huonekana hapa mapema kabla mwenyewe hajaujua.

Andika. Daftari la shule linatosha:

Saa 3:00 usiku (21:00). Anajua ni Jumamosi. Mboni sawa. Mikono imara. Kichwa kinauma 4 kati ya 10.
Saa 5:00 usiku (23:00). Kaitwa mara mbili ndipo akaitika. Mboni sawa. Katapika mara moja. Maumivu 6.
Saa 6:00 usiku (00:00). Haitiki mpaka atikiswe. Anamwita mkewe kwa jina la dada yake. Mkono wa kushoto unashuka.

Aliyeandika hivi amefanya kazi nzuri na amechelewa saa moja. Safari ilikuwa saa 5:00: kuitikia kumepungua, maumivu yamepanda, na katapika. Badiliko moja likiambatana na jingine linatosha.

Angalia pia hizo saa mbili zilizoandikwa pamoja. Saa zetu za Kiswahili na saa za hospitali hupishana kwa sita, na "aliumia saa 2" kwenye karatasi ya rufaa inaweza kusomwa saa mbili asubuhi, saa mbili usiku, saa nane mchana au saa nane usiku. Kuna dawa na maamuzi yanayotegemea saa tatu tu tangu ajali. Andika zote mbili, na tarehe, hasa usiku wa manane unapovuka.

Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli: mtu mzima wa kilo 50 na zaidi vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku, mtoto miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Aspirini, ibuprofeni na ile sindano ya diklofenaki inayochomwa kila mahali huzuia chembe sahani, chembe za damu zinazoziba mshipa uliokatika, zisigande; zinafungulia bomba unaloomba lizibe. Tramado na dawa za usingizi zinaficha usinzifu unaouchunguza, na tramado inaweza pia kuleta degedege. Pombe asiguse.

Kumsafirisha

Mshikaki kwenye pikipiki, majeruhi kati ya dereva na mshikaji, kichwa kikiyumba huku na huku, ndiyo njia mbaya kuliko zote, japo inaonekana ya haraka. Bajaji nayo inamlazimu akunjwe. Tafuta pikapu, noa au gari la kubebea mizigo, alale kwenye ubao au mlango uliong'olewa, nguo zilizokunjwa zikibana pande mbili za kichwa. Mwinueni upande wa kichwa kwa kuinua ubao mzima kwa digrii kama 30, siyo kwa kumwekea mto unaokunja shingo. Damu ya vena hushuka yenyewe na shinikizo hupungua. Asiyejitambua asafirishwe kwa ubavu, na mtu akae kichwani pake kuangalia pumzi njia nzima. Asipewe chai, maji ya sukari wala soda: akipasuliwa tumbo liwe tupu, na asiyejitambua vizuri atapaliwa.

Karatasi za polisi, PF3 kwa Tanzania au P3 kwa Kenya, zifuatwe na mtu mwingine wakati majeruhi yuko njiani. Usimpitishe kituoni kwanza.

Safari iende wapi? Kama hospitali yenye CT scan, mashine inayopiga picha za ndani ya kichwa, iko umbali wa saa moja na zahanati iko dakika kumi, swali ni pumzi. Anayepumua vizuri aende moja kwa moja kwenye CT. Anayekoroma, anayetapika hajitambui, au anayevuja damu kwingine mwilini apite pa karibu pafunguliwe njia ya hewa na dripu, kisha aendelee. Hospitali zenye upasuaji wa ubongo ni chache: kwa Tanzania kuna Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili, Bugando Mwanza, KCMC Moshi, na Mnazi Mmoja kwa Unguja, kwa Kenya Kenyatta jijini Nairobi na hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, pamoja na za binafsi kwenye miji mikubwa. Simu ya kuulizia kama mashine inafanya kazi leo inaokoa muda kuliko mwendo kasi.

Kwa aliye zamu zahanati au kituo cha afya

Oksijeni kama ipo, na kipima oksijeni kidoleni kisikae chini ya 94. Dripu iwe ya chumvi, normal saline. Dripu ya glukosi huvimbisha ubongo, itumike tu kama sukari imepimwa ikakutwa chini. Namba ya juu ya shinikizo la damu la mtu mzima isiachwe chini ya 110. Likishuka, usiseme "ni kichwa": kichwa cha mtu mzima karibu kamwe hakishushi shinikizo peke yake. Tafuta damu tumboni, kifuani, nyongani na pajani.

Deksamethasone na haidrokotisoni, dawa za kundi la steroidi, ziache kabatini. Utafiti mkubwa wa CRASH, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kuwa steroidi ziliongeza vifo kwa walioumia kichwa, na bado zinachomwa kwa mazoea. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, ni habari nyingine: utafiti wa CRASH-3 wa mwaka 2019 ilionyesha faida kwa wenye majeraha madogo na ya wastani wanaoipata ndani ya saa tatu. Gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa dripu ya saa nane. Aliye mahututi na mboni zote zimepanuka haimsaidii sana. Mpira wa tumbo usipitishwe puani kwa mwenye dalili za ufa wa sakafu ya fuvu, upite mdomoni. Chanjo ya pepopunda kama kuna jeraha.

Kiwango cha kujitambua kipimwe kwa kipimo cha Glasgow, kilichotungwa mwaka 1974 na Teasdale na Jennett. Macho: 4 anafumbua mwenyewe, 3 akiitwa, 2 akifinywa, 1 hafumbui. Maneno: 5 anajua alipo na siku, 4 anachanganya, 3 maneno ovyo, 2 anagumia tu, 1 kimya. Viungo: 6 anatii amri, 5 anapeleka mkono mahali anapofinywa, 4 anauvuta akwepe, 3 anakunja mikono isivyo kawaida, 2 ananyoosha akikakamaa, 1 hakuna. Finya nyama ya bega karibu na shingo, na uandike jibu la mkono ulio bora. Jumla ni 15 kwa mzima na 3 kwa asiyejibu lolote. 8 kwenda chini njia yake ya hewa inahitaji kulindwa kwa mpira unaopitishwa kooni. Usiandike jumla peke yake. Andika E (macho), V (maneno) na M (viungo), herufi za majina ya Kiingereza, kila moja na namba yake, na kumbuka M ya kwenye faili ni viungo. Kwa Kiswahili macho na maneno nayo huanza na M, na ni rahisi kuzichanganya. Kushuka kwa alama mbili ni dharura mpya hata kama CT ya asubuhi ilikuwa safi.

Hospitali watafanya nini

X-ray ya fuvu inaonyesha mfupa, haionyeshi damu. Ndugu wengi wamerudi nyumbani na picha ya X-ray "haina shida" wakaishia kwenye msiba. Kipimo ni CT scan, kinachukua dakika chache. Damu mbichi inaonekana nyeupe: iliyo nje ya utando mgumu hutuna kama lenzi, iliyo chini yake hutandaza kama mwezi mwandamo. Wataalamu huangalia ujazo, unene, na kama ubongo umesukumwa kuvuka mstari wa katikati. Kwa mtu mzima, damu ya nje ya utando inayozidi mililita 30 hutolewa hata kama mgonjwa anaongea. Ya chini ya utando, unene unaozidi milimita 10 au kusukumwa kunakozidi milimita 5. Ndogo kuliko hapo mara nyingi huangaliwa tu wodini na CT ya pili saa chache baadaye. Kwa hiyo ukiambiwa "ana damu lakini hatumpasui", si lazima kwamba ametelekezwa. Uliza: ina ukubwa gani, CT ya pili saa ngapi, na nani anamkagua usiku.

Upasuaji ni kukata dirisha kwenye fuvu, kutoa donge, kuziba mshipa na kurudisha mfupa. Ubongo ukiwa umevimba sana mfupa huachwa nje kwa miezi. Ndugu anayeweza kutia saini awe pale, na wachangia damu wawili watatu wasiondoke. Atakayeruhusiwa akae bila kuendesha chombo chochote mpaka daktari aseme, na kama ameandikiwa dawa ya degedege asiikatishe kwa sababu "hajashikwa tena".

Watoto

Mtoto mchanga hawezi kusema kichwa kinauma. Angalia utosi uliotuna akiwa ametulia na ameinuliwa, kilio chembamba cha juu, kukataa ziwa, kulegea. Uvimbe laini pembeni au kisogoni kwa aliye chini ya miaka miwili ni wa kutiliwa shaka kuliko nundu la paji la uso, ambalo kila mtoto anayejifunza kutembea analo. Kuanguka kutoka kitandani kirefu au mgongoni kwa anayembeba, urefu wa karibu mita moja, kunatosha kumpeleka kwa aliye chini ya miaka miwili. Kichwa chake ni kikubwa kwa mwili wake, na damu inayokusanyika chini ya ngozi ya kichwa peke yake inaweza kumpunguzia damu ya mwili. Mtoto anayelia usitikise kamwe. Kutikisa hukata zile vena bila pigo lolote la nje.

Mzee aliyeanguka mwezi uliopita

Kwa umri ubongo husinyaa kidogo na zile vena za kuvuka hunyooka kama kamba zilizokazwa. Kugonga kichwa kwenye fremu ya mlango kunatosha, hata kuanguka kwa kukaa. Damu huvuja kidogo kidogo, inageuka kuwa maji meusi, inaongezeka, na majuma matatu hadi sita baadaye babu anaanza kusahau, kuburuta mguu, kulala mchana kutwa, kujikojolea, kuongea vitu vya zamani kama vya leo. Nyumbani wanasema uzee, kituoni wanasema kiharusi au malaria, na wengine wanaanza kuulizana nani kamtupia. Kilichokwisha kusahauliwa ni anguko lenyewe.

Kwa hiyo mzee yeyote anayebadilika ndani ya majuma, siyo miaka, ulizeni nyumba nzima, watoto na msaidizi wa nyumbani pia, kama alianguka au kujigonga ndani ya miezi mitatu iliyopita. Akaguliwe mikono kwa viganja juu kama ilivyoelezwa, na aende CT. Mpeleke na orodha ya dawa zake zote, hasa aspirini ya moyo na warfarini, ila usizisimamishe mwenyewe. Tiba yake ni nyepesi kuliko inavyotisha: tundu moja au mawili kwenye fuvu, maji meusi yanatoka, mpira mwembamba unabaki siku moja au mbili kukamua yaliyosalia. Wengi huanza kutambua watu na kutembea ndani ya siku chache. Kwa kila kumi, mmoja au wawili hurudiwa, mara nyingi ndani ya miezi michache. Daftari lile lile la maswali na mikono liendelee mara mbili kwa juma mpaka muda huo upite.